Kaizen inasaidia kweli kwenye nishati ya kiwanda, au bora hela yote iende kwenye sola?

Fundi_Mufindi

Wakuu habarini. Mi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha chai huku Nyanda za Juu Kusini, nimekuja kuomba mawazo maana kazini tumegawanyika na mimi ndo nimeambiwa niandike pendekezo.

Iko hivi. Menejimenti wamekuja na vitu viwili kwa mpigo. Cha kwanza kaizen, ule utaratibu wa Kijapani wa kuboresha kazi kidogo kidogo kila siku, wameshabandika mabango kila kona, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, kama yale ya hospitalini, na kila Jumatatu kuna kikao kifupi kabla ya shifti kuingia. Cha pili ni hii habari ya nishati endelevu, wanunuzi wa nje siku hizi wanauliza chai imekaushwa na nini na umeme wake umetoka wapi, kwa hiyo kuna mpango wa kufunga sola juu ya paa. Hela ipo ila sio ya kufanya kila kitu.

Boila yetu inakula kuni za mikaratusi, zinamwagwa uwanjani na mvua ikinyesha inazikuta hapo hapo. Mafeni ya trafu za kunyaushia, yale makasha marefu ya kupunguzia majani maji kwa upepo, yanazunguka usiku na mchana spidi ile ile. Jenereta la dizeli linawashwa umeme ukikatika. Bili inauma, hasa ile sehemu ya kVA, yaani tozo ya kilele cha matumizi ya mwezi.

Swali langu ni kwamba hii kaizen ina kazi yoyote kwenye nishati au ni ya kupanga spana na kupaka mistari ya njano sakafuni? Na kama ina kazi, mtu kama mimi ambaye si injinia na sina vipimo vya bei kubwa naanzia wapi? Wengi wanasema tukiweka sola tumemaliza, roho yangu haijakubali lakini sina hoja ya kusimama nayo mbele ya kikao.

Kibatari2

Weka sola mkuu, paneli zimeshuka bei sana na jua halitumi bili. Kaizen tulifanyiwa semina kazini kwetu, wakaondoka na mabango yakaanza kubanduka. Hayo mambo yanahitaji bosi ambaye yupo kila siku.

Mkaguzi_Kericho

Ndugu fundi, nimefurahi umeuliza kabla pesa haijatumika. Kazi yangu ni ukaguzi wa nishati huku Kenya na viwanda vya chai nimeingia vingi, kwa hivyo nitaandika kirefu, univumilie.

Kwanza jua kiwanda cha chai kinakula nini. Ukijumlisha nishati yote inayoingia getini, zaidi ya robo tatu ni joto, yaani kuni, na umeme ni kile kipande kidogo kilichobaki. Kwenye pesa umeme unaonekana mkubwa sababu yuniti yake ni ghali, lakini kwenye nishati na kwenye msitu, kazi yote iko kwa boila. Sasa sola ya paa haigusi boila hata kidogo. Mnunuzi akiuliza chai imekaushwa na nini, hata mjaze paneli paa zima jibu bado ni kuni. Hiyo hoja peke yake inatosha kuwafanya watu kwenye kikao wakae chini wafikirie upya.

Kuhusu kaizen na nishati, hivyo vitu havikukutanishwa juzi. Kile kiwango cha kimataifa cha kusimamia nishati, ISO 50001, kilitoka 2011 kikafanyiwa marekebisho 2018, na kimejengwa juu ya mzunguko ule ule wa panga, tekeleza, kagua, rekebisha. Huku kwetu kanuni za 2012 zilisema kituo kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 za nishati kwa mwaka kikaguliwe kila miaka 3, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyoonekana kwenye ripoti. Nimeona viwanda vinavyofanya ukaguzi ili karatasi iwepo kwenye faili, na nimeona vingine ripoti inashushwa mpaka kwa mtu wa boila kwa Kiswahili na anaulizwa yeye anaonaje. Hivyo vya pili ndivyo vinavyopunguza kuni, vya kwanza vinakaa pale pale miaka nenda rudi.

Unaanzia wapi. Anza na daftari, huhitaji kifaa chochote. Kila wiki andika kuni zilizoingia tanuruni na kilo za chai kavu zilizotoka, basi. Ukishapata wiki za kutosha, za msimu mwingi na za msimu mdogo, chora grafu, chai mlalo na kuni wima, upitishe mstari katikati ya nukta. Utaona mstari hauanzii sifuri. Pale unapokata mhimili wa kuni ndipo zilipo kuni ambazo mnachoma hata kama hamjatoa kilo moja ya chai, yaani kupasha boila moto, mabomba yasiyofunikwa, trepu za stimu (vile vifaa vya kutoa maji kwenye mabomba ya mvuke) zinazovuja, boila kukaa tayari ikisubiri majani ambayo lori limechelewa nayo. Viwanda vingi mameneja hawajui kama hicho kipande kipo kwa sababu wanapiga hesabu ya wastani tu, kuni gawanya kwa chai, msimu ukiwa mzuri wanasifiana na msimu ukishuka wanamlaumu mtu wa boila wakati yeye hajabadilisha chochote.

Sasa nikupe mfano wa ile kuuliza kwa nini kwa nini mpaka ufike kwenye shina, maana hapo ndipo kaizen inapolipa. Draya, mashine ya kukaushia, inakula stimu nyingi, kwa nini? Dhoo, yaani majani yaliyokwisha kusagwa, inayoingia ina maji mengi. Kwa nini? Majani hayakunyauka vizuri. Tuipigie hesabu. Chai kavu ina unyevu wa kama asilimia 3. Ukiingiza kwenye draya majani yenye unyevu wa asilimia 72, kila kilo moja ya chai kavu draya inatakiwa kufukuza maji kilo 2.46. Ukiingiza yenye asilimia 68 inafukuza kilo 2.03. Ni pointi 4 tu za unyevu lakini kazi ya draya imepungua kwa asilimia kama 17, na kila kilo ya maji inataka zaidi ya megajuli 2 kuwa mvuke, hata mashine iwe nzuri vipi. Hayo maji mngeyatoa kwenye trafu kwa hewa ya kawaida na feni kwa gharama ndogo sana. Kwa hiyo kuni nyingi zinapotelea kwenye kunyausha, ambako mtu wa boila hana mamlaka nako, na ukimbana yeye unambana bure.

Kuni zenyewe ndiyo habari nyingine kubwa. Mkaratusi uliokatwa leo karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni yenye unyevu wa asilimia 50 inakupa kama megajuli 8, ya asilimia 20 inakupa kama 14. Ila angalia mnanunuaje. Kama mnanunua kwa uzito, mnamlipa msambazaji hela ya maji na hasara ni kubwa mno. Kama ni kwa mita ya ujazo basi mti ni ule ule, na kuukausha kunakuongezea kama sehemu moja ya kumi ya joto, juu yake unapata moto safi, moshi mdogo, na mirija ya boila haikai na masizi. Kwa vyovyote vile jengeni banda. Paa la bati, pembeni wazi upepo upite, kuni zipasuliwe, zipangwe juu ya magogo zisiguse ardhi, zikae miezi kadhaa, na zilizoingia kwanza zitoke kwanza. Hiyo ndiyo seti na sanifisha mnayobandika ukutani, ila sasa imepelekwa mahali inapookoa msitu.

Mafeni utaelewa haraka we ni fundi umeme. Nguvu ya feni inakwenda na mchemraba wa spidi, ukipunguza spidi kwa asilimia 20 mota inavuta karibu nusu ya nguvu ya mwanzo. Majani yakishapoteza maji ya juu hayahitaji upepo ule wa mwanzo. Draivu ya kubadili spidi kwenye trafu chache, mpime, mkiridhika muendelee na nyingine. Na kVA yenu ya mwezi inapandishwa na kipindi kifupi tu ambapo mota nyingi zimewashwa pamoja, angalieni ratiba ya kuwasha na hali ya kapasita zenu.

Baada ya hapo ndipo mpige hesabu ya sola, kwa mzigo uliobaki. Ukiipima leo na mafeni yakiwa hivi, mtanunua paneli za kulisha upotevu.

Gridi_Kwanza

Heshima kwako mkaguzi, hesabu zako nimezielewa, lakini naomba nipinge maana naona hatari kwenye huu mtazamo. Uboreshaji wa kidogo kidogo unaweza kuwa kichaka cha kujificha usifanye uamuzi mkubwa. Mitambo ya makaa ya mawe huko duniani imeboreshwa ufanisi kwa miongo mingi na bado ni makaa ya mawe. Boila ya kuni ukiiboresha mpaka mwisho wake itabaki kuchoma kuni, tena menejimenti watakuwa na sababu nzuri ya kuibakiza miaka mingine 20 sababu sasa inafanya vizuri.

Nchi haibadilishi nishati kwa kupanga kuni bandani. Angalia Bwawa la Nyerere, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, hicho ni kitu ambacho hakiji kwa vikao vya Jumatatu, ni uamuzi mmoja mzito na hela nyingi. Mi naona kiwanda kijiulize kinataka kukausha chai na nini baada ya miaka 15, kikishajibu hapo ndo kirudi kupanga hatua. Bila hilo jibu mtaboresha kitu ambacho mlitakiwa kukiacha.

Mkaguzi_Kericho

Gridi, hoja ya kujua unakoelekea nakubaliana nayo kabisa, na ningemwambia fundi aiweke ukurasa wa kwanza wa pendekezo lake. Ila hapo kwenye hatua ndogo sikubali. Hizo paneli mnazosema zimeshuka bei, zilishuka kwa asilimia kama 90 ndani ya muongo wa 2010, na hazikushuka kwa uvumbuzi mmoja wa ghafla. Ni viwanda vilivyokuwa vinapunguza unene wa kaki ya silikoni, kile kibamba chembamba kinachotengeneza paneli, vinapunguza taka, vinaongeza ufanisi nukta kwa nukta, kila mwaka, kila laini ya uzalishaji. Ule uamuzi mkubwa wa leo wa kununua sola umewezekana kwa sababu ya kazi ndogo ndogo za watu ambao hatuwajui.

Na Olkaria hapa kwetu, kwenye umeme wa jotoardhi. 1981 ilianza na mtambo mmoja wa megawati 15, wa pili 1982, wa tatu 1985, jumla 45. Watu wakajifunza visima vinavyofanya kazi, shinikizo linavyoshuka, kurudisha maji chini ya ardhi, kuchimba kwa haraka zaidi. Leo jotoardhi ya Kenya imevuka megawati 900. Usingeweza kuruka moja kwa moja mpaka hapo hata ungekuwa na pesa, maana ujuzi haukuwepo.

Hata hilo bwawa lenu, umeme wake ukishatoka pale unapita kwenye nyaya, transfoma na mita, na kila mahali kuna kinachopotea. Kuupunguza huo upotevu ni kazi ya kila siku ya mafundi, laini kwa laini. Huku kwetu upotevu kwenye mfumo ni zaidi ya asilimia 20, kwa hivyo najua uzito wa ninachokisema.

DadaTrafu

Jamani mimi niko upande wa kunyausha, sio kiwanda cha mleta mada ila ni kazi hiyo hiyo, naomba nisikike kidogo maana naona mnazungumza unyevu kama vile ni namba ya kuamua ofisini.

Majani yakiingia yamelowa mvua, miezi ile ya ukungu, hakuna maajabu ya hewa ya kawaida, hewa yenyewe imeshiba maji, lazima uingize hewa ya moto kwenye trafu na hiyo hewa ya moto inatoka kwa boila. Halafu lori likichelewa majani yanafika yameshajichemsha kwenye magunia, unalazimika kuyawahisha kwenye mashine hata kama hayajanyauka. Na ukinyausha kupita kiasi mwonjaji anakurudishia, chai imepoteza ladha na rangi, sasa hapo umeokoa kuni umepoteza bei mnadani. Kwa hiyo hiyo asilimia 68 isiwe amri, muiweke pamoja na watu wa ubora mpate kiwango cha chai yenu.

Kingine cha muhimu zaidi kuliko vyote. Tulipoanza kuandika unyevu kila shifti, wiki za mwanzo watu waliandika ukweli. Supavaiza mmoja akaanza kutumia lile daftari kukata posho, na tangu hapo kila shifti inaandika namba nzuri na daftari halina maana tena. Fundi, kabla hujapeleka daftari lolote kwa watu, hakikisha bosi amekubali mbele ya wote kwamba namba mbaya ni taarifa, haimponzi aliyeiandika. Na kuni zikiokolewa watu waone kitu, hata kama ni gambuti mpya na maji ya moto ya kunywa usiku, maana wale wa tanuruni ndo wanaopigwa na moshi na ndo wanaojua mlango gani wa boila unavuta hewa ya baridi. Wakiona akiba yote inapanda juu ofisini, baada ya miezi mitatu hamna anayejali.

Kisiwani_Sola

Naongezea upande wa sola maana mi ni fundi wa gridi ndogo huku visiwani Ziwa Victoria, paneli, betri na jenereta ya akiba.

Msidhani sola ukishaifunga umemaliza, ndo kwanza unaanza. Vumbi na kinyesi cha ndege vinakula uzalishaji bila kelele, mtu asipolinganisha yuniti za leo na za siku yenye jua kama hilo hagundui. Sisi kilichotusaidia kuliko kununua betri zaidi ilikuwa kuongea na wenye mashine za kusaga wasage saa za mchana, tukaweka bei nafuu saa hizo, betri ikapumzika na dizeli ikashuka. Hakuna kifaa kipya kilichonunuliwa pale. Kwa hiyo mleta mada, chukua mzigo wenu wa saa 24 uuchore saa kwa saa. Kama msimu mkubwa mnasindika usiku kucha, sola bila betri itawabeba mchana tu, na mjue mapema ni kazi gani zinaweza kuhamia mchana, kama kupasua kuni, kusukuma maji, kuchambua na kufungasha chai.

Halafu we uko Mufindi, jirani zako wa Mwenga, wale wazalishaji wa umeme, ni somo zuri. Walianza na maji megawati 4 mwaka 2012, wanauza kwa kampuni ya chai, vijijini na kwenye gridi ya taifa, baadaye wakaongeza upepo megawati 2.4 kwa sababu kiangazi mto ukipungua ndo upepo unavuma vizuri. Hawakuchagua upepo kwa sababu ni fasheni, walikuwa wanajua mto wao unapungua miezi gani.

Gridi_Kwanza

Hoja ya Mwenga na ya mashine za kusaga zimenigusa, nakubali. Nabaki na msimamo wangu kwamba tarehe ya kuachana na kuni za kununua ovyo iandikwe, la sivyo vikao vitageuka mazoea. Na kama kuni zinabaki, basi zitoke kwenye shamba linalopandwa upya kila linapokatwa. Kuni za msitu wa asili zisiitwe endelevu hata zikauke vipi.

Fundi_Mufindi

Wakuu nimekesha nasoma, asanteni sana, dada wa trafu umenipa kitu ambacho nisingekijua, kwetu kuna supavaiza wa namna hiyo hiyo.

Nimeamua pendekezo liwe hivi. Sola isifutwe ila isogezwe mbele kwa msimu mmoja, hela ya kwanza ijenge banda la kuni na draivu za trafu chache za majaribio, daftari la kuni na chai lianze wiki hii, na kwenye kile kikao cha Jumatatu mtu wa boila na mtu wa trafu wakae pamoja, maana leo hii kila mmoja ana kikao chake. Mikaratusi tunayo shamba letu lakini haitoshi, nyingine tunanunua, hapo nitaandika tuanze kudai ijulikane imetoka wapi. Pia Mafinga viwanda vya mbao vimejaa, mabanzi na vumbi la mbao za shamba la miti la Sao Hill vipo vingi, nataka nijue kama boila yetu inaweza kuyapokea.

Nina swali moja. Unyevu wa kuni nitaupimaje? Nimeona vile vipimo vidogo vya kuchomeka pini, vinaaminika?

Mkaguzi_Kericho

Vya pini vinafaa kuni zikishakauka kiasi. Zikiwa mbichi kabisa vinadanganya, na pia vinasoma ganda la juu tu, kwa hivyo pasua kuni kwanza upime ndani. Njia ya uhakika unayo tayari kiwandani, ni ile oveni ndogo ya maabara mnayopimia unyevu wa chai. Kata kipande katikati ya gogo, kisiwe cha mwisho maana ncha zinakauka kwanza, kipime uzito, kiweke kwenye nyuzijoto 105, kitoe na kukipima tena na tena mpaka uzito usishuke. Uzito uliopotea gawanya kwa uzito wa mwanzo, hiyo ndiyo asilimia ya maji. Chukua vipande kadhaa kutoka sehemu tofauti za rundo, juu, katikati na chini, na uandike kuni hiyo iliingia lini. Ukifanya hivyo kwa kuni zinazoingia na kwa zinazotoka bandani mtajua wenyewe banda lenu linahitaji miezi mingapi kwa hali ya hewa ya Mufindi, maana ya kwetu Kericho haitawafaa.

Mabanzi yanaingia kwenye tanuru la kawaida yakikatwa saizi sawa. Vumbi la mbao usimwage tu tanuruni hata kama ni rahisi, linaweza kulipuka likirushwa kwa wingi, na usalama wa wale vijana unatangulia. Muulize mtengenezaji wa boila kwanza kama wavu wake unaruhusu, au tafuta anayelifinyanga kuwa vitofali. Ukianza daftari, rudi hapa na ile grafu, tutaisoma pamoja.

DadaTrafu

Na mimi nitaleta ya kwetu. Nimeshaongea na mwenzangu wa boila tuanze Jumatatu.